Flopi ikikataa kusomwa: kabla ya kurudia, jua kosa ni la nani

Swali la msomaji: Ndugu mtaalamu, nimeachiwa kompyuta ya ukoo wa IBM PC yenye viendeshi viwili vya flopi za inchi 5.25, pamoja na boksi la flopi za 360KB zenye hesabu za zamani za familia. Ninajifunza lugha ya asembli, hivyo nimeandika programu inayosoma flopi kwa INT 13h (huduma ya diski ya BIOS, programu ya msingi iliyomo ndani ya kompyuta) na kunakili sekta zote (vipande vya baiti 512) kwenye flopi nyingine. Mambo matatu yananishinda. Mara nyingi usomaji wa kwanza hukataa, wa pili hukubali. Programu ikiendeshwa juu ya mfumo endeshi wa DOS inasoma traki nzima (duara moja la flopi) ya sekta 9 bila shida, lakini nikiiweka kwenye flopi ya kujiwashia, bila DOS, inarudisha kosa namba 04h. Halafu kuna flopi moja inayonipa 10h kwenye sekta zile zile kila siku. Je, nirudie mara ngapi kabla ya kukata tamaa? Nilipoweka mara 100 kiendeshi kilianza kukwaruza kwa kelele, nikakizima.

Jibu: Ulifanya vyema kukizima. Kelele hiyo ni kichwa kinachorudishwa hadi traki 0 na kupelekwa tena ndani, mara baada ya mara, na flopi ya zamani ambayo unga wake wa sumaku umeanza kulegea haivumilii kusuguliwa namna hiyo. Swali la "mara ngapi" lina jibu na nitalitoa, lakini linatanguliwa na jingine: namba ya kosa iliyorudi kwenye rejista ya AH inamtaka nani afanye kitu? Kuna makosa ya mashine, ambayo huisha yenyewe ukirudia. Kuna makosa yako wewe uliyeandika programu, ambayo hata ukirudia mara elfu yatakuwa pale pale. Na kuna yale yanayomsubiri mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, kwa kuwa ni yeye tu awezaye kufunga mlango wa kiendeshi. Programu nyingi za miaka ya 1980 ziliyatia yote matatu kwenye kitanzi kimoja, na watu wakabaki wanatazama taa ya kiendeshi ikiwaka weee, kumbe hata flopi haimo.

Tuanze na lile la kwanza. Usomaji wako wa kwanza unakataa kwa sababu ya mota. Flopi ya 360KB inazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila milisekunde 200, na kama ilivyo feni ya dari, mota haifiki kasi yake papo hapo. BIOS ya IBM PC ya mwaka 1981 ilipoombwa kuandika ilisubiri mota ikolee kwanza, kwa sababu kuandika kwa kasi isiyo sahihi kunaharibu flopi. Ilipoombwa kusoma haikusubiri. Ilijaribu hapo hapo, kwa kuwa kusoma vibaya hakudhuru kitu, na huenda mota ilikuwa bado inazunguka kutoka kwenye kazi iliyotangulia. IBM waliliandika hilo wazi kwenye msimbo wa BIOS waliouchapisha katika mwongozo wa kiufundi: ukipata kosa, anzisha upya kidhibiti (chipu inayoviongoza viendeshi vya flopi) kisha urudie, na kwa usomaji rudia mara tatu ili kujihakikishia kwamba tatizo si mota. Ile "mara tatu" unayoikuta kila mahali, hata kwenye programu za watu wasiojua asili yake, imetoka hapo.

Mota ikishawaka, haizimwi mara moja. BIOS huweka hesabu kwenye anwani 0040:0040, kwa kawaida 37, na katizo la saa, yaani ishara ya saa inayoikatiza programu kwa muda mfupi, linaipunguza moja moja kwa mapigo 18.2 kwa sekunde, hivyo mota hudumu kama sekunde mbili baada ya kazi kwisha. Ndiyo maana usomaji wako wa pili unakubali. Ukisoma mfululizo hutaliona tena tatizo hili. Ukisimama sekunde tatu kuonyesha ujumbe, litarudi. Na angalia: ukilinyakua katizo la saa kwa ajili ya kazi yako bila kuupitisha wito kwa mwenyewe wa awali, hesabu hiyo haipungui na mota haizimiki kamwe.

Sasa, nini hasa hutokea unapoita INT 13h kwa AH=00? Watu wengi hudhani kichwa hurudishwa traki 0 wakati huo huo. Kwenye BIOS ya IBM sivyo. Kinachofanyika ni kukiamsha upya kidhibiti, kile cha NEC chenye namba 765, na kufuta biti za anwani 0040:003E zinazosema kwamba mahali pa kichwa panajulikana. Kichwa chenyewe kinarudishwa traki 0 kwenye kazi inayofuata, na kutoka hapo kinahesabu hatua upya hadi traki unayoitaka. Hii ndiyo faida kubwa ya kuanzisha upya. Kidhibiti hakioni kichwa kiko wapi. Kinatuma mapigo ya hatua na kuamini kwamba yametekelezwa. Kichwa kikiruka hatua moja, wewe unadhani uko traki 20 kumbe uko 19, na ukirudia bila kuanzisha upya utaendelea kusoma pale pale pasipo sahihi. Kwa hiyo kurudia bila AH=00 katikati ni karibu na bure, isipokuwa kwa lile tatizo la mota pekee.

Jambo la pili, lile la 04h bila DOS, ndilo lililonifanya nitake kukujibu kwa urefu, kwa sababu wengi hubadilisha flopi, hubadilisha kiendeshi, hata hulaumu waya, kumbe mashine ni nzima. Namba 04h inasemwa kuwa "sekta haikuonekana", lakini BIOS inaitoa kwa hali mbili tofauti. Ya kwanza ni pale kidhibiti kinapozunguka traki nzima bila kukutana na sekta yenye namba uliyotaja. Ya pili ni pale kinapofika kwenye namba ya mwisho ya traki, kwa jinsi kilivyoelekezwa, huku wewe bado unataka sekta zaidi.

Nani amekielekeza? Ni jedwali dogo la baiti 11 linaloelekezwa na anwani iliyohifadhiwa mahali pa katizo 1Eh, yaani 0000:0078. Humo mna muda wa hatua za kichwa, muda wa kuzima mota, ukubwa wa sekta, muda wa mota kukolea, na baiti ya tano (ukihesabu kuanzia 1) ni namba ya sekta ya mwisho kwenye traki. BIOS ya IBM PC ya mwanzo iliandikwa wakati flopi zilikuwa na sekta 8 kwa traki, kwa hiyo baiti hiyo ilikuwa 8. Sekta ya 9 ililetwa na DOS 2.0 mwaka 1983, na DOS ilipojiwasha iliirekebisha baiti hiyo. Programu yako ikiendeshwa juu ya DOS inafaidi marekebisho hayo bila kujua. Ikijiwasha yenyewe inakutana na BIOS jinsi ilivyotoka kiwandani: sekta 8 zinasomwa, ya 9 inakataliwa.

Dawa yake: nakili zile baiti 11 kwenye kumbukumbu yako, andika 9 kwenye baiti ya tano, elekeza 0000:0078 kwenye nakala yako, kisha ita AH=00 ili kidhibiti kipokee vipimo vipya. Usijaribu kubadilisha jedwali pale lilipo, kwa kuwa liko ndani ya ROM, kumbukumbu isiyoandikika. Sekta za kuwashia za DOS zenyewe zinafanya hivi hivi.

Ukitaka kuthibitisha kabla ya kubadilisha chochote, BIOS imekuachia ushahidi. Baada ya kila kazi ya flopi, majibu ghafi ya kidhibiti hukaa kwenye baiti saba kuanzia 0040:0042. Tatu za kwanza ni hali yake, yaani ST0, ST1 na ST2; nne zinazofuata ni silinda (namba ya traki), kichwa, sekta na ukubwa wa sekta kidhibiti kiliposimamia. Soma ST1 kwenye 0040:0043. Biti ya 7 ikiwaka, traki ilikwisha kabla ya ombi lako, na hilo ni kosa la jedwali au la hesabu yako. Biti ya 2 ikiwaka, sekta kweli haikupatikana. AH ilikuwa ile ile 04h katika hali zote mbili, lakini dawa ni tofauti kabisa. Mimi ninapoandika programu ya flopi, jambo la kwanza kabisa ninaloandika ni kipande cha kuonyesha baiti hizi saba kwenye skrini. Kinaokoa muda kuliko kitabu chochote.

Kosa la 04h pia linaweza kufanywa kuwa swali. Kwenye boksi lako huenda mna flopi zilizoandaliwa na DOS ya awali, zenye sekta 8, ambazo hazina maelezo ya vipimo kwenye sekta ya kwanza. Utazijuaje? Jaribu kusoma sekta ya 9 ya traki 0: ikirudisha 04h baada ya majaribio yake ya kawaida huku sekta ya 1 ikisomeka vizuri, hiyo ni flopi ya sekta 8. Sekta ya kuwashia ya Linux katika miaka ya 1990 ilitumia njia hii hii, ikijaribu 36, kisha 18, kisha 15, kisha 9, na kukubali ile iliyopita. Ushahidi wa kuunga mkono ni baiti ya kwanza ya jedwali la FAT (ramani ya mahali faili zilipo kwenye flopi), ambalo linaanzia sekta ya 2 ya traki 0: FDh ni 360KB, FFh ni 320KB, FCh ni 180KB na FEh ni 160KB.

Kabla ya kufika kwenye flopi yako mbovu, kuna namba moja ambayo hujaitaja lakini itakukuta programu ikikua: 09h. Data ya flopi inaingia kwenye kumbukumbu kupitia chipu ya DMA (inayohamisha data bila kupitia prosesa), 8237, ambayo inahesabu anwani kwa biti 16 tu. IBM waliongeza rejista ya pembeni inayoshika biti za juu, lakini hesabu ya 8237 haivuki kwenda kwenye rejista hiyo. Bafa yako, yaani eneo la kumbukumbu la kupokelea data, ikikalia mpaka wa 64K, data ingerudi mwanzo wa eneo lile lile na kufuta vitu vingine, kwa hiyo BIOS inakataa mapema. Mfano: bafa iliyo kwenye anwani halisi 1F000h inatosha sekta moja bila wasiwasi, lakini sekta 9 ni baiti 4608, zinafika 201FFh, zimevuka 20000h, na unapata 09h. Hili ni kosa lako, halirudiwi. Jipatie nafasi mara mbili ya unayohitaji, kisha utumie nusu ambayo haivuki mpaka; mpaka mmoja hauwezi kuzikata nusu zote mbili. Au soma sekta moja moja kwenye bafa ambayo anwani yake halisi inagawanyika kwa 512, nayo haitavuka kamwe. Linaudhi zaidi kwa kuwa hutokea baada ya kuongeza mistari michache mahali pengine kabisa kwenye programu, bafa ikasogea.

Yale ya mtu ni machache. 03h ni flopi iliyozuiwa kuandikwa, ile yenye kibandiko kwenye pengo la ubavuni. 80h ni kimya cha kidhibiti: flopi isipokuwemo, au mlango ukiwa wazi, hakuna alama ya mzunguko inayofika, kidhibiti kinangoja bila kikomo, hadi BIOS inachoka na kurudi kwako. Hapo anzisha upya, kisha mwambie mtu kwa maneno yanayoeleweka: "Weka flopi, funga mlango, bonyeza kitufe." Kama 80h inaendelea na flopi imo, angalia waya, halafu angalia kama programu yako haijalizima katizo la IRQ 6, lile la kidhibiti cha flopi, maana matokeo yake ni yale yale. Na 06h, inayosema flopi imebadilishwa, hutaiona kwenye viendeshi vyako vya 360KB kwa sababu havina waya wa kutoa habari hiyo. Ilikuja na viendeshi vya 1.2MB vya PC/AT ya mwaka 1984. Siku ukiiona usiihesabu kuwa hitilafu: tupa FAT na saraka zote ulizokuwa umezihifadhi kwenye kumbukumbu, kisha soma upya.

Sasa flopi yako ya 10h, ambayo ndiyo yenye thamani.

Kila sekta kwenye flopi ina sehemu mbili. Kuna kichwa cha habari kinachotaja silinda, upande, namba ya sekta na ukubwa, kisha kuna data yenyewe ya baiti 512. Kila sehemu inafungwa na CRC ya biti 16, yaani namba ya kuhakiki inayohesabiwa kutokana na baiti zenyewe. Namba 10h inamaanisha CRC iliyohesabiwa wakati wa kusoma haikulingana na iliyoandikwa, lakini haikuambii ni ya sehemu ipi. Rudi kwenye ushahidi wetu: biti ya 5 ya ST1 itakuwa imewaka kwa vyovyote, tazama biti ya 5 ya ST2, kwenye 0040:0044. Ikiwaka, kosa liko ndani ya data. Isipowaka, kosa liko kwenye kichwa cha habari cha sekta.

Tofauti hii ina uzito kwako. CRC ya data inakaa mwisho wa data, na kidhibiti hakiwezi kujua kwamba haikulingana mpaka baiti zote 512 zimeshapita. Maana yake ni kwamba kosa likiwa la data, zile baiti zimeshaingia kwenye bafa yako! Huenda zote ni sahihi isipokuwa biti mbili tatu. Programu nyingi zikiona CF (bendera ya prosesa inayoashiria kosa) imewaka huitupa bafa yote, na hapo ndipo hesabu za watu zilipotelea. Kosa likiwa la kichwa cha habari, kinyume chake, hakuna kilichohamishwa na bafa ina takataka za zamani. Kwa hiyo kabla ya kila jaribio jaza bafa kwa mchoro unaoutambua, mfano 5Ah tupu, ili baadaye usichanganye takataka na data.

Kiini cha usomaji kiwe hivi, sekta moja kwa wakati:

```
        mov  byte [mara], 4
soma:   mov  ax, 0201h         ; soma, sekta moja
        mov  ch, [traki]
        mov  cl, [sekta]       ; huanza 1, si 0
        mov  dh, [kichwa]
        mov  dl, [kiendeshi]
        mov  bx, bafa
        int  13h
        jnc  imesomeka
        mov  [kosa], ah
        call nakili_hali       ; baiti 7 za 0040:0042
        xor  ah, ah            ; anzisha upya
        mov  dl, [kiendeshi]
        int  13h
        mov  al, [kosa]
        cmp  al, 01h
        je   kosa_langu
        cmp  al, 09h
        je   kosa_langu
        cmp  al, 80h
        je   muulize_mtu
        dec  byte [mara]
        jnz  soma
        jmp  sekta_mbovu
```

Zingatia mpangilio. Namba ya kosa na baiti saba zinahifadhiwa kabla ya kuanzisha upya, kwa kuwa AH=00 nayo inarudisha namba yake na kuandika juu ya hali ya zamani. Rejista zinajazwa upya kila mara. Na majaribio ni manne: la kwanza na marudio matatu. Hilo ndilo jibu la "mara ngapi" kwa programu ya kila siku, likihusu 02h, 04h, 08h, 10h, 20h na 40h. Sekta inayoshindwa mara nne baada ya kichwa kurudishwa traki 0 kila mara haitakupa kitu kipya kwa jaribio la tano lililo sawa na yaliyotangulia.

Ukitaka kuendelea kuokoa, badilisha kitu kati ya jaribio na jaribio. Kichwa kikitoka traki 0 kinakaribia traki yako upande mmoja daima, na mitambo iliyochakaa husimama kando kidogo ya mstari. Ikaribie kutoka upande wa pili: soma sekta yoyote ya traki iliyo ndani zaidi, kisha urudi bila kuanzisha upya. Mara nyingi hilo peke yake hufufua sekta. Jaribu kiendeshi chako cha pili pia, kwa sababu flopi iliyoandikwa na kiendeshi kilichopinda kidogo husomwa vizuri na kingine kilichopinda upande huo huo. Safisha vichwa kwa pamba na spiriti ya isopropili kabla na baada. Ukiona mduara wa kahawia au ulioparuzika kwenye flopi, au ukisikia mlio mkali, simamisha kila kitu. Unga wa sumaku unatoka, na kila mzunguko unachukua data pamoja nao.

Usomaji ukikataa bado, hifadhi kila nakala iliyoingia kwenye bafa, kisha zilinganishe baiti kwa baiti. Pale zinapokubaliana zote, pana uwezekano mkubwa ni sahihi. Pale zinapotofautiana, chukua iliyotokea mara nyingi na uiwekee alama. Hesabu za familia zikiwa maandishi ya kawaida, jicho lako litamalizia. Lakini kuna tahadhari ambayo husahaulika. CRC ya biti 16 ina thamani 65,536 tu. Ukirudia mamia ya mara kwenye sekta inayotoa takataka tofauti kila mara, unaongeza nafasi ya takataka moja kupita kwa bahati, na BIOS itakuambia bila wasiwasi kwamba yote ni sawa. Sekta iliyopona baada ya taabu isomwe mara ya pili, na zote mbili zilingane, ndipo uiamini.

Kuhusu kuandika, maana unanakili kwenda flopi nyingine. CF ikiwaka wakati wa kuandika, usidhani sekta imebaki ilivyokuwa. Inawezekana nusu yake imefutwa. Iandike tena yote. Na usipumbazwe na AH=04, kazi ya kuhakiki: kwa flopi haikilinganishi kilicho kwenye kumbukumbu na kilichoandikwa, inaangalia tu kama CRC za kwenye flopi zinakubaliana. Data isiyo sahihi iliyoandikwa vizuri inapita. Soma upya kwenye bafa ya pili na ulinganishe mwenyewe. Kama siku moja utapata kiendeshi cha 1.2MB, kisomee flopi za 360KB lakini usiziandikie humo: kichwa chake ni chembamba, hakifuti upana wote wa traki ya zamani, na kiendeshi cha 360KB kitakuja kusoma mchanganyiko wa jipya na mabaki, kikakupa 10h.

Ukiamua kupitia DOS badala ya INT 13h, makosa yanakujia kwa katizo 24h, lile linalochapisha "Abort, Retry, Ignore?" Unaweza kuweka la kwako: AL inakuja na kiendeshi, baiti ya chini ya DI inakuja na namba ya kosa ya DOS, nawe unarudisha 0 kupuuza, 1 kurudia, 2 kusitisha. Namba hizo za makosa si za BIOS. CRC ni 04 huko na sekta kutoonekana ni 08, usizichanganye. Kupuuza ni hatari kuliko inavyoonekana, kwa sababu DOS inaendelea kana kwamba data imefika. Tena usimruhusu mtu kubadilisha flopi wakati ujumbe huo uko kwenye skrini halafu akachagua kurudia: DOS inaweza kuandika FAT ya flopi ya kwanza juu ya flopi ya pili, na ya pili ndiyo inayopotea.

Kwa boksi lako nashauri utaratibu huu. Weka kibandiko cha kuzuia kuandikwa kwenye kila flopi ya asili kabla haijaingia kiendeshini. Nakili sekta zote 720 kwa namba, nzuri kwanza, ukiruka zinazokataa. Rudi kwa zilizokataa baada ya zile nzuri kuwa salama. Kwenye 360KB, sekta ya 0 kwa hesabu ya DOS ni ya kuwashia, 1 na 2 ni FAT ya kwanza, 3 na 4 ni FAT ya pili, 5 hadi 11 ni saraka kuu, na data inaanza 12. FAT ya kwanza ikikataa, tumia ya pili, maana zinalingana. Sekta ambayo haikupona kabisa usiijaze sifuri, na usiijaze F6h, kwa kuwa F6h ndiyo baiti ambayo flopi hujazwa inapoandaliwa na hutajua tena kama sekta ilikuwa tupu au imekufa. Andika humo maneno yanayosomeka, kwa mfano "SEKTA 214 HAIKUSOMEKA", yakijirudia hadi baiti 512 zitimie, ili atakayefungua faili la hesabu aone pengo liko mstari gani.